Tope na Maji katika Bonde la Lambwe

Bonde la Lambwe limelala baina ya milima ya Gwassi upande wa magharibi na ukingo mrefu wa Kanyamwa upande wa mashariki, na kaskazini yake vimesimama vilima vya Ruri, mabaki ya volkano zilizozimika zamani zisizohesabika kwa umri wa mwanadamu. Na mto wake, baada ya kupokea vijito vya pande zote, huteremka polepole hadi Ziwa Victoria, ambalo Wajaluo hulijua kwa jina la Nam Lolwe. Historia ya bonde hili, kila ilipoandikwa, iliandikwa kwa kumtaja mbung'o, na haki ilikuwa hivyo, kwa kuwa ndiye aliyewafukuza watu na mifugo kwa miongo mingi na kuwaachia korongo na swala nyasi zile ndefu. Hifadhi ya wanyama ilianzishwa hapo mwaka 1966, ikafanywa Mbuga ya Taifa ya Ruma mwaka 1983, na wakati uo huo, mwanzoni mwa miaka ya 1980, malale yalizuka tena kwa ukali, hata ndege zikatumwa kunyunyiza dawa juu ya vichaka. Sina nia ya kuipunguza habari hiyo. Lakini ipo historia ya pili, iliyo kimya zaidi na ya kila siku, ambayo kila nyumba ya Lambwe imeishi ndani yake bila ya kuiandika: nayo ni historia ya maji yaliyochafuka kwa tope lisilotaka kutulia, na ya watu waliojifunza kulituliza.

Walowezi waliogawiwa ardhi bondeni baada ya uhuru, wakitoka Kanyamwa, Gwassi na sehemu nyingine za Nyanza ya Kusini, walipata ardhi yenye rutuba, walakini hawakupata chemchemi nyingi. Walichota mtoni, walichota kwenye malambo yaliyochimbwa kwa ajili ya ng'ombe, na wakati wa masika walichota popote maji yaliposimama. Na maji hayo yote, ya mtoni na ya lambo, yalikuwa na rangi moja, rangi ya kijivu iliyochanganyika na hudhurungi, isiyoruhusu jicho kuuona mkono uliozamishwa hadi kwenye kifundo.

Asili ya rangi hiyo ni udongo wenyewe. Sakafu ya bonde imefunikwa na udongo mweusi mzito, ule unaoitwa udongo wa pamba, ambao kila dereva na kila mchungaji wa Lambwe anaufahamu kwa mateso yake: unyeshewapo huvimba, hunata, huyashika magurudumu na kwato, na njia za ndani ya mbuga hazipitiki, ukaukapo husinyaa na kupasuka nyufa ambazo fimbo ya mchungaji huzama ndani yake. Udongo huu ni mtoto wa volkano. Mawe ya Gwassi, yaliyo sehemu ya volkano kuu ya kale ya Kisingiri iliyowaka mamilioni ya miaka iliyopita na ambayo visiwa vya Rusinga na Mfangano ni jamaa zake, yameoza kwa mvua na jua, na chumvi zake zikashuka hadi bondeni ambako maji hukawia kutoka. Na hapo, katika ukawiaji huo, yakazaliwa madini ya udongo yaliyo vibamba vyembamba mno, vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, na baina yake maji huingia na kutoka.

Ndani ya vibamba hivyo imo siri ya habari yetu. Mahali ambapo ingefaa kuwako chembe ya alumini yenye chaji tatu chanya, mara nyingi maumbile yameweka magnesi yenye chaji mbili tu, na kwa upungufu huo mdogo, uliorudiwa mara nyingi isiyo na idadi, kibamba kizima hubaki na chaji hasi isiyofutika. Udongo wa Lambwe, kwa hiyo, una umeme tangu ulipozaliwa. Si umeme wa kumshtua mtu wala wa kuwasha taa, bali ni umeme wa kutosha kuamua kama maji ya mtungini yatakuwa safi kesho asubuhi au yatabaki vilevile.

Mama wa Kijaluo alikuwa na dapi, mtungi mkubwa wa udongo uliochomwa, uliokaa kwenye kivuli cha nyumba ukatoa jasho na kuyapoza maji. Aliyamimina maji jioni, akayafunika, akayaacha yapate utulivu. Mchanga ulishuka papo hapo. Chembe ya mchanga mwembamba yenye upana wa sehemu moja ya kumi ya milimita huzama milimita kadhaa kwa kila sekunde, na kabla ya mfuniko kuwekwa imekwisha fika chini. Lakini chembe ya udongo yenye upana wa sehemu moja ya elfu ya milimita huteremka milimita tatu hivi kwa saa nzima, yaani katika mtungi wenye kina cha sentimita 30 ingehitaji siku nne kufika chini, na kwa sharti kwamba mtungi usiguswe. Na chembe iliyo ndogo mara kumi kuliko hiyo haifiki kabisa, maana mitikisiko ya maji yenyewe huirudisha juu kila inapoanza kushuka. Nyumba yenye watoto haina siku nne za kungoja. Ndiyo sababu watu wengi walikunywa maji yenye tope, wakazoea ladha yake, na wakazoea pia maradhi ya tumbo yaliyofuatana nayo.

Dawa ya tope hilo ilikuwa ikijulikana duniani kabla ya mtu yeyote kujua sababu yake. Mabaharia na wafanyabiashara wa pwani yetu walileta shabu, chumvi ya alumini iliyo mojawapo ya dawa hizo, katika majahazi, na shabu ya Yemen ilisifiwa katika vitabu vya Waarabu kwa kutia rangi nguo, kutengeneza ngozi na kuzuia damu. Huko Misri mganga wa Kiitalia Prosper Alpinus, aliyeishi Kairo katika karne ya 16, aliona watu wakisugua lozi zilizopondwa ndani ya mitungi ya maji ya Nile ili tope lishuke. Katika Sudan wanawake wa kandokando ya Nile walitumia udongo maalumu walioupa jina la rauwaq, na baadaye mbegu za mlonge. Na habari hizo zilikusanywa kwa bidii na Samia Al Azharia Jahn, aliyefanya uchunguzi wake kuanzia miaka ya 1970 na kuutangaza kitabuni mwaka 1981. Katika nchi kavu za kaskazini mwa Kenya wafugaji huchimba mizizi minene ya mimea ya jamii ya Maerua, wakaikoroga katika maji ya visima vya mchanga. Nami naona ni dhuluma kubwa ya vitabu vyetu vya historia kwamba elimu hii, iliyo ya wanawake karibu yote, imewekwa katika fungu la mila na desturi, ilhali ilistahili kuwekwa katika fungu la sayansi, pamoja na habari ninazotaka kuzieleza sasa.

Katika mji wa Moscow, mwanzoni mwa karne ya 19, profesa mmoja aitwaye Ferdinand Friedrich Reuss alichukua donge la udongo mbichi, akasimamisha ndani yake mirija miwili ya kioo, akatia mchanga uliooshwa chini ya kila mrija na maji juu yake, kisha akapitisha umeme wa betri ya Volta, iliyokuwa kitu kipya kabisa wakati huo. Aliyoyaona aliyaandika mwaka 1809. Katika mrija wenye ncha chanya maji yalianza kuchafuka, chembe za udongo zikipanda kupita mchanga kana kwamba zinaitwa. Na katika mrija wenye ncha hasi maji yalibaki safi lakini yalipanda kimo. Udongo ulikwenda upande mmoja, maji yakaenda upande wa pili. Hakuna jaribio linaloonyesha kwa uwazi zaidi kwamba donge la udongo wenye maji ni vitu viwili vyenye chaji zinazopingana, vinavyokaa pamoja kwa sulhu. Hakutumia dhahabu wala fuwele. Alitumia udongo wa kawaida, kama huu ambao watoto wa Lambwe hufinyangia ng'ombe wao wa kuchezea.

Miaka mingi ilipita kabla ya kupatikana picha ya sulhu hiyo. Hermann von Helmholtz, Mjerumani, alifikiri mwaka 1853, na akakamilisha fikira yake mwaka 1879, kwamba mahali kitu kigumu kinapokutana na maji pana tabaka mbili za umeme zinazotazamana, moja kwenye uso wa kitu na ya pili ndani ya maji, nazo zimekaribiana mno. Picha hiyo ilikuwa nzuri lakini imenyooka kupita kiasi, kwa kuwa ioni za majini hazikai kwa safu. Zina joto, zinatangatanga. Louis Georges Gouy, Mfaransa, mwaka 1910, na David Leonard Chapman, Mwingereza, mwaka 1913, kila mmoja kwa hesabu yake, walionyesha kwamba ioni zinazoufuata uso wenye chaji huwa nyingi karibu yake na hupungua kidogo kidogo kadiri unavyokwenda mbali, hata zikalingana na za maji mengine. Mwaka 1924 Otto Stern akayaunganisha mawazo yote: ziko ioni zilizogandamana usoni, na nje yake liko wingu la ioni zilizo huru. Hilo ndilo tabaka pacha la umeme, na kila chembe ya tope katika mto wa Lambwe inalo la kwake.

Sasa tazama litokealo chembe mbili zinapokutana. Yako mavutano baina ya vitu vyote vinapokaribiana sana, na kama chembe hizo zingeweza kugusana zingeshikamana, zikawa donge, na donge likazama. Lakini kabla ya kugusana mawingu yao ya ioni hukutana kwanza, nayo husukumana, na chembe hurudi nyuma. Hesabu ya ugomvi huo baina ya mvuto na msukumo ilifanywa na watu wa nchi mbili zilizotenganishwa na vita: Boris Derjaguin na Lev Landau katika Urusi mwaka 1941, na Evert Verwey na Theodoor Overbeek katika Uholanzi, ambao kitabu chao kilitoka mwaka 1948. Matokeo yao yalikuwa mamoja. Upana wa wingu la ioni ndio uamuao, na upana huo hutegemea chumvi iliyomo majini. Katika maji matamu kama ya Ziwa Victoria wingu hufikia sehemu nane hivi za milioni ya milimita. Katika maji ya bahari husinyaa likawa pungufu ya nusu ya sehemu moja, na hapo mvuto hushinda.

Msomaji wa pwani anaweza kulishuhudia jambo hili kwa macho yake bila ya darubini. Mto Sabaki, unaotoka bara kwa jina la Athi kisha Galana, huleta tope jekundu kwa mamia ya kilomita bila ya kulitua, na unapoingia baharini karibu na Malindi chumvi huyabana matabaka ya umeme, chembe hushikana, na tope likaanza kushuka, ndiyo maana fukwe za hapo zina udongo mwekundu unaojulikana na kila mvuvi. Mto wa Lambwe hauna bahari mbele yake. Huingia katika ziwa la maji matamu, na tope lake huendelea kuelea katika ghuba, likiwazuilia samaki nuru na likiwalazimu watu wa pwani ya ziwa kuchota maji yaleyale waliyoyakimbia bondeni.

Kwa nini basi shabu, na si chumvi ya jikoni? Jibu lilipatikana kabla ya nadharia. Hans Schulze mwaka 1882, na baada yake William Hardy wa Cambridge mwaka 1900, walipima kiasi cha chumvi kinachohitajika kuangusha chembe zinazoelea, wakakuta kwamba ioni yenye chaji mbili ina nguvu mara makumi kuliko yenye chaji moja, na yenye chaji tatu ina nguvu mara mamia. Sodiamu ya chumvi ya jikoni ina chaji moja. Ili kuyasafisha maji kwa chumvi hiyo ingebidi kuitia kwa wingi, na nani atayanywa? Chokaa ina kalisi yenye chaji mbili; na visima vya pwani vilivyochimbwa katika mawe ya matumbawe vina kalisi ya kutosha tangu mwanzo, basi tope halikai ndani yake, na wazee wetu wa Mombasa na Lamu hawakuwa na haja ya kuyahangaikia maji kama walivyohangaika watu wa bara. Alumini ya shabu ina chaji tatu. Tena inapoingia katika maji ya mtoni haibaki peke yake, bali huungana na maji ikawa utando mweupe mzito unaozikamata chembe zilizobaki na kushuka nazo. Mbegu ya mlonge hufanya kazi hiyo kwa njia nyingine: ina protini ndogo yenye chaji chanya, inayojibandika juu ya udongo wenye chaji hasi na kuzifunga chembe mbilimbili, tatutatu, hata zikawa nzito.

Aliyewahi kusimama karibu na ndoo wakati wa kazi hii hatasahau. Niliitazama katika boma moja lisilo mbali na barabara ya kuelekea Mbita, mvua ya Aprili ikiwa imekatika asubuhi ile. Mwenye nyumba alishika kipande cha shabu kikubwa kiasi cha kokwa ya embe, akakizungusha ndani ya maji kwa mkono wake uliozama hadi kwenye kiwiko, taratibu, bila ya haraka, akihesabu kwa midomo tu. Akakitoa, akakifuta, akakiweka juu ya rafu kwa siku nyingine. Kwa muda hapakuwa na kitu. Kisha maji yakaanza kuonyesha vijidonge, kwanza vidogo hata nikadhani ni macho yangu, halafu vikubwa, kama maziwa yanapoanza kuganda, vikazunguka na maji yaliyokuwa bado yanazunguka, vikapunguza mwendo, vikashuka. Baina yao palikuwa na maji yanayopitisha nuru. "Usiyaguse sasa," aliniambia, "ukiyakoroga tena kwa nguvu utayavunja." Alikuwa amesema kweli iliyomo katika vitabu vya wahandisi wa maji: kukoroga kwa nguvu ni kwa mwanzo, ili dawa ienee, kukoroga polepole ni kwa baadaye, ili vijidonge vikue, na baada ya hapo ni kuacha.

Si maji ya kunywa peke yake yanayohukumiwa na umeme huu. Kusini ya bonde, katika Migori, ulikuwako mgodi wa Macalder, uliochimbwa dhahabu na shaba tangu miaka ya 1930 hadi miaka ya 1960, na mpaka leo wachimbaji wadogo wanasaga mawe na kuosha unga wake juu ya magunia na mazulia. Dhahabu iliyo nzito hubaki; iliyo laini mno huondoka na tope, kwa kuwa nayo ikisha kuwa ndogo kupita kiasi hukataa kuzama. Michael Faraday alilionyesha hilo London mwaka 1857, alipotengeneza maji mekundu kama rubi yenye chembe za dhahabu zinazoelea, na akaona kwamba chumvi kidogo huyageuza kuwa ya buluu kwa kuzikusanya chembe pamoja. Wachimbaji wa Migori hutafuta dhahabu iliyopotea kwa kutumia zebaki, na zebaki hiyo huingia mitoni. Hasara hiyo ni kubwa kuliko dhahabu inayopatikana, nami siogopi kulisema.

Nirudi kwenye maji ya kunywa. Kipindupindu kilifika Kenya mwaka 1971, na tangu hapo Nyanza imekuwa miongoni mwa sehemu kilizozirudia mara kwa mara. Klorini huua vijidudu vyake, lakini katika maji ya tope klorini hutumika bure juu ya udongo na uchafu, na vijidudu hujificha ndani ya madonge. Ndiyo maana mwanzoni mwa miaka ya 2000 ililetwa pakiti ndogo ya gramu 4, yenye chumvi ya chuma, ambacho kama alumini kina chaji tatu, pamoja na klorini, ya kutosha lita 10 za maji: hukorogwa dakika tano, huachwa maji yatulie, huchujwa kwa kitambaa, na hungojewa dakika 20. Uchunguzi uliofanywa katika maboma 605 ya vijiji vya Nyanza, ukatangazwa mwaka 2005 katika jarida la madaktari wa Uingereza, ulionyesha kwamba uchafu wa maji katika nyumba zilizotumia pakiti hiyo ulikuwa wastani wa vipimo 8, ilhali katika nyumba nyingine ulikuwa 55, na kuhara kwa watoto wa chini ya miaka miwili kulipungua kwa robo. Nyumba zilizopewa klorini peke yake nazo zilinufaika, na katika makundi yote mawili vifo vilikuwa vichache kuliko katika nyumba zisizopewa kitu. Tofauti ya bei, hata hivyo, ilikuwa kubwa. Pakiti ilikuwa ghali kwa mama mwenye kuchota ndoo nne kwa siku, na klorini ya chupa ikawa ndiyo iliyoenea.

Kwa hiyo nataka kutoa hadhari, maana mapenzi yangu kwa shabu na mlonge yasimdhuru mtu. Maji yaliyotulia si maji yaliyo salama. Tope linaposhuka huchukua vijidudu vingi pamoja nalo, lakini si vyote, na maji ya mlonge yana masalio ya mbegu ambayo vijidudu hula, hivyo yasilale zaidi ya siku moja. Baada ya kuyatuliza, yamimine pole bila ya kutikisa masimbi, kisha yachemshe au yatie klorini. Na kwa kuwa sasa yamekuwa meupe, klorini kidogo itatosha.

Neno langu la mwisho ni kwa walimu wa kemia wa shule za sekondari za Homa Bay na Migori. Somo la ioni na chaji hufundishwa huko kwa michoro ya ubaoni, nalo husahauliwa baada ya mtihani. Wapelekeni wanafunzi mtoni wakati wa masika, wajaze mitungi mitatu ya kioo, watie chumvi ya jikoni katika wa kwanza, chokaa katika wa pili, shabu katika wa tatu, wapime kwa mizani kiasi kilichohitajika kuyatuliza maji ya kila mmoja, na waandike. Watakuwa wamerudia kazi ya Schulze na Hardy kwa udongo wa kwao wenyewe. Na wakirudi nyumbani wawaulize mama zao na nyanya zao walivyokuwa wakiyafanya maji, na hayo nayo wayaandike katika daftari lilelile.